Mlango wa Juu wa Bi Mwanaisha

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu wala kiti. Nilipewa leso. Bwana Meneja, aliyekuwa na ofisi ndogo ya uwakala wa nyumba hapa Amu, mji wa Lamu, alinikabidhi akaniambia, "Funga kichwa, Bi Wakesho. Mimi huishia dakani. Wewe utaingia ndani, unitazamie."

Daka ni kile kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe. Wakala mwanamume alikaribishwa hapo, akapewa kahawa, akaelezwa nyumba ilivyo, kisha akaenda kuiuza kwa maneno ya kuambiwa. Mimi binti wa mwalimu Mtaita, Mkristo, nilikuwa mgeni wa kila kitu cha mji huu, lakini wanawake wa ndani hawakuniona mwanamume, na hilo lilitosha kunipa kazi.

Ninyi mnaosomea leseni ya uwakala leo mnapiga picha za simu na kuzitia kwenye mtandao kabla hata hamjajua nyumba ni ya nani. Sisi tulianza na upekuzi, yaani kwenda kwenye masijala ya ardhi kuangalia hati miliki ina jina la nani, kama imewekwa rehani benki, na kama kuna tahadhari, lile zuio analoweka mtu mwenye dai ili mauzo yasimame kwanza. Tuliuliza pia kama kiwanja ni cha wakfu, kwa sababu kilichowekwa wakfu hakiuzwi hata mnunuzi aje na dhahabu. Kisha tukahakikisha kwamba mume au mke wa muuzaji ametoa idhini, tena kwa kuketi naye. Karatasi iliyoletwa na mumewe haikunitosha.

Baadaye nilipelekwa Shela, kijiji jirani, kwenye nyumba za wageni. Msimamizi wa huko, mtu wa Nairobi aliyevaa viatu vya ngozi mchangani, alinifundisha mikataba ya kukodisha. Nilitumwa kijiji cha Kipungani pia, ambako watu walikaa vizazi na vizazi juu ya ardhi isiyo na hati, na kazi yangu kubwa ikawa kuwazuia wateja wasinunue kitu ambacho hakuna aliyeweza kuwauzia. Sikupendwa sana mwaka ule.

Lakini kazi ninayotaka kuwaeleza ni ya hapa Amu, niliporudi ofisi ya Bwana Meneja, yeye ameshazeeka nami nimeshapata leseni yangu.

Bi Zuhura alikuwa amefariki, na wanawe wawili wanaoishi Mombasa walitaka kuuza nyumba aliyowaachia. Kadhi alikwisha kugawa mirathi, upekuzi ulitoka safi, na mnunuzi alikuwepo: daktari mstaafu kutoka Nairobi, mwanamke mpole wa maneno machache, aliyetaka mahali pa kupumzika. Nikaingia ndani kutazama kama kawaida yangu. Ghorofani, nyuma ya pazia, nikakuta mlango ambao hakuna aliyenitajia. Nikaugusa. Ukafunguliwa kutoka upande wa pili.

"Ngia, mwanangu," alisema bibi mmoja mwenye mkongojo. "Wewe ndiwe wauza nyumba ya ndugu yangu?"

Alikuwa Bi Mwanaisha, mdogo wa marehemu. Baba yao aliwapa mabinti wake nyumba mbili zinazopakana walipoolewa, kama ilivyokuwa desturi, akawatobolea mlango juu ili watembeleane bila kushuka barabarani. Alinionyesha ngazi za nyumba yake: nyembamba, zimesimama wima, za kumtisha hata mbuzi. Za Bi Zuhura zilikuwa pana, zenye vidato vifupi.

"Magoti yangu hayashuki tini kwa ngazi hizi tena," alisema. "Ndia yangu ni kwa Zuhura. Hospitali, arusi, maziko, zote napita kwake. Wakiufunga mlango huu, mimi nimefungwa humu mpaka nitolewe kwa jeneza."

Alisema bila kulia. Nilitoka nikaenda moja kwa moja ofisini.

Bwana Meneja alikuwa amekaa akijipepea kwa upepeo. "Wenye nyumba wanaujua mlango," alisema. "Wasema fundi atauziba. Sisi twauza tulichoagizwa."

"Kuziba mlango wa nyumba ya kale kunataka kibali cha ofisi ya uhifadhi," nikamwambia. "Na mtu aliyepita mahali miaka yote hiyo huenda ana haki ya kupita. Akienda kuweka tahadhari, mauzo yatakwama."

"Bi Mwanaisha hajui tahadhari ni nini."

"Mimi najua. Na nikiulizwa nitamwambia."

Nilisema kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia, na mtu mzima yule akaacha kujipepea. Akaniuliza, "Mnunuzi akikimbia?"

"Heri akimbie akijua anachokikimbia, Bwana. Kuliko anunue kisha agundue."

"Basi utamwambia wewe."

Nikamwambia. Daktari akasema, "Nilitafuta nyumba nikae peke yangu, Bi Wakesho. Sasa unaniuzia na barabara ndani yake?" Akaomba kumwona mwenye barabara.

Tulipofika, Bi Mwanaisha hakusihi. Alipita mlangoni mwake taratibu, akashika ukuta, akashuka ngazi za nduguye moja moja hadi chini, akapumzika kwenye daka. Daktari alimtazama magoti yale kwa macho ya kazi yake.

"Sikuombi nyumba," Bi Mwanaisha alimwambia. "Nyumba nunua, Mngu akubarikie. Mimi naomba ndia tu."

Tukaandika. Haki ya kupita ni hiyo: kiwanja kimoja kinabeba njia kwa faida ya kiwanja jirani, inasajiliwa kwenye hati, na haifi mwenye nyumba akibadilika. Wana wa Mombasa walinung'unika kisha wakatia sahihi. Mimi niliongeza sharti kwamba mlango usiwe na komeo upande wowote, na wakili aliyetuandikia mkataba akacheka, lakini akaliacha.

Bi Mwanaisha alipita pale hadi alipofariki mwaka juzi. Nyumba yake ikawa ya bintiye, Mwanamkuu, mwenye magoti yake mazima. Miezi michache baadaye, mimi nikiwa nimeshafungasha vitu vya ofisini ili nistaafu, Daktari alinipigia simu. Alitaka habari ya ule mlango irekebishwe kwenye hati.

Nilijua maana yake. Aliyehitaji njia hayupo, na majirani wawili wakikubaliana, haki kama hiyo hufutwa. Ni halali kabisa. Nilipanda kwake nikiwa na uchungu, nikijiambia mimi ni wakala tu na hilo si langu.

Nikamkuta amesimama mbele ya lile pazia. "Haki ile inafutwa leo?" nikamuuliza.

"Nani amesema kufuta?" Daktari alishangaa. "Nimesoma ile hati vizuri. Inasema wao wana haki ya kupita kwangu. Mimi sina haki ya kupita kwao. Na kila jioni mimi ndiye ninayekwenda kula kwao."

Akabisha mlango kwa vidole. "Hodi!"

"Karibu!" Mwanamkuu aliitikia kutoka upande wa pili. "Ngia, Daktari, mlango hauna komeo."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho: haki ya pili, ya Daktari kupita kwa Mwanamkuu. Tulipomaliza waliniketisha tukala wali wa nazi na samaki, na wakati wa kuondoka Daktari akanielekeza kwenye ngazi zake pana. Nikakataa; nilitaka kuonja alichokikwepa yule bibi. Nilishuka kwa zile za Bi Mwanaisha, nimeshika ukuta kwa mikono miwili, magoti yakinilaani hadi chini, na nililia njia nzima.