Vita vya Warusi na Swala ya Mdogo Wangu

Watu waliosoma hupenda kuniambia kwamba vita vya Warusi huko Afghanistan ni jambo gumu, linahitaji vitabu. Mimi niliacha shule darasa la tatu na sioni ugumu wake. Nchi kubwa ilikuwa na jirani maskini. Kwa huyo jirani wakomunisti walipindua serikali, kisha wakaanza kuchinjana wenyewe kwa wenyewe, na huku wakiwalazimisha watu wa vijijini kufuata mambo wasiyoyataka, mpaka vijiji vikaasi. Mkubwa akaogopa kupoteza rafiki mpakani pake. Akaleta vifaru, akasema ameitwa. Alipofika akamuua rais yuleyule aliyemwita, akaweka mwingine. Wezi wa kuku wa hapa kwetu Mbale wana haya zaidi.

Haya nilielezwa na afande mmoja mstaafu, Mkristo wa kaskazini, aliyepelekwa Urusi kusomea vifaru enzi za utawala wa wanajeshi. Sasa hushinda kwenye benchi la gereji yangu, huku eneo la viwanda, akinywa chai yangu na kuwatetea Warusi. Anasema walikuwa watu wema, walimpa koti zito na mkate mweusi. Nikamwambia koti lake lisingemsaidia mtu ambaye ndege inamwagia moto shambani. Akakubali kwamba hata vijana wa Kirusi walirudishwa kwao kwenye masanduku, na mama zao hawakuambiwa sawasawa watoto wamefia nini. Hao ndio watu wema wake.

Kazi yangu ni springi za malori. Nilianza na nyundo ya kuazima, nikifua chini ya jua, na sasa nina paa, mashine ya kuchomelea na mafundi wanaoniogopa. Springi iliyokatika tunaitengeneza. Isiyotengenezeka tunaifua iwe panga au jembe. Hapa kwetu lori likianguka barabarani, wengine hukimbilia sukari na soda, sisi tunatazama chini ya bodi. Chuma kizuri hakiachwi. Mdogo wangu nilimfundisha hivyo tangu hajaota ndevu, na alikijua chuma kwa kukigonga na kusikiliza tu.

Baadaye alipata kazi ya ufundi kiwandani Jinja, akaoa, akapewa chumba mtaa wa Walukuba, hukohuko Jinja. Kisha utawala wa wanajeshi ukaanguka. Kwa kuwa rais wake alikuwa Mwislamu, Waislamu tukaambiwa serikali ile ilikuwa yetu. Yangu mimi, ambaye askari wake walinichapa viboko kwa sababu lori la mkubwa wao lilichelewa kupona! Kiwandani wakamtoa, wakasema nafasi hakuna, na siku ya pili nafasi ikawa na mtu mwingine. Alihangaika miaka. Ndipo wakaja mabwana wenye kanzu nyeupe na maneno matamu, wakasema Pakistan kuna masomo ya bure kwa kijana Mwislamu. Akaenda pamoja na rafiki yake mmoja wa Mbale. Mkewe akabaki Walukuba.

Aliyerudi ni rafiki peke yake. Alisema mdogo wangu amekufa kwenye jihadi dhidi ya Warusi, kafa shahidi. Msikitini wakafurahi kama wameshinda mpira. Walichinja mbuzi, wakahutubia, wakasema shahidi haoshwi wala haswaliwi, daraja yake imeshapanda. Wahutubiaji wote walikuwa na viatu safi. Hakuna hata mmoja aliyempeleka mwanawe.

Mwaka huu shemeji yangu aliniita. Ni mzee sasa, kifua kimeharibika, anaishi bado Walukuba, na hakutaka kuolewa tena ingawa waliomtaka walikuwepo. Nilimkuta kwenye mkeka, mto nyuma ya mgongo. Hakunisumbua kwa maneno mengi.

“Shemeji, hapa kila jirani akifa anaswaliwa. Hata yule mlevi wa nyumba ya pili aliswaliwa. Mume wangu peke yake hajaswaliwa. Nataka nisikie anaswaliwa kabla sijaswaliwa mimi.”

Swala ya ghaibu ipo, ya maiti aliye mbali. Basi nikaenda kwa imamu wa hapo Walukuba. Ni kijana, kasoma nchi za nje, anaongea na mtu huku vidole viko kwenye simu. Akakataa, tena kwa raha. Akasema kwa madhehebu yetu shahidi wa vitani haswaliwi, nami nataka kumshusha cheo ndugu yangu mwenyewe. Afadhali, akasema, tuweke mahema na vipaza sauti, tumtangaze, vijana wa leo wapate mfano.

“Mfano wa nini?” nikamuuliza.

“Wa kujitoa, Mzee.”

“Jitoe wewe kwanza, sisi tutakufuata na mahema.”

Alikunja uso, akasema kama nina shahidi wa kuonyesha kwamba marehemu hakufa akipigana, nimlete. Bila hivyo, mlango umefungwa.

Nikarudi Mbale, nikaenda mtaa wa Malukhu, ambako yule rafiki ana duka la vitambaa na buibui. Tumekutana kwenye harusi na misiba miaka yote hiyo, na kila mara ananipa salamu za haraka kama mtu anayewahi basi. Nilipomweleza haja yangu aliacha kukunja kitambaa. Akasema atasema, lakini mbele ya mjane, si mbele yangu peke yangu. Nilimpakia kwenye gari langu kesho yake, nikampitia imamu msikitini, tukaingia wote chumbani kwa shemeji.

Rafiki alikaa chini, karibu na mkeka, akamwomba radhi kwanza. Alisema marehemu mama yetu alikuwa analia sana, na wakubwa wa msikiti walishalishika neno shahidi kabla hajamaliza kusimulia, naye akaona liwafariji. Kisha akaeleza. Masomo yalikuwa ya muda mfupi. Baada ya hapo waliambiwa wakasaidie mpakani mwa Afghanistan, na silaha za Wamarekani na fedha za Waarabu zilikuwa zinapita hapo kwa wingi kuliko dawa. Lakini mdogo wangu hakushika bunduki. Alitengeneza malori yaliyovusha unga kwa watu waliokimbia mabomu.

“Siku hiyo tulikuta lori la Warusi limeungua kando ya njia,” alisema. “Akaligonga chini, akasema springi za nyuma ni nzima kabisa. Tukamwambia twende. Akacheka. Akasema, kaka yangu akisikia nimeacha chuma kama hiki atanifukuza gerejini. Akaingia chini na spana. Lilikuwa limetegwa.”

Imamu akauliza limetegwa na nani. Rafiki akasema nani angejua, kila upande ulikuwa unatega.

Wanaongoja niseme kwamba najilaumu wataendelea kungoja. Mimi sikutega bomu Afghanistan. Nilimfundisha mtu kazi ya halali. Warusi waliondoka baada ya miaka wakipunga mikono kwenye vifaru, na nchi yao kubwa ikavunjika muda si mrefu. Waliopewa silaha za kuwafukuza wakageuziana silaha hizohizo, wakaubomoa mji mkuu wao wenyewe. Mabomu yakabaki ardhini kuwakata miguu wachunga mbuzi. Huo ndio ushindi wanaotaka kuuwekea mahema Walukuba.

Imamu alikuwa bado anatafuta njia. Akaanza kusema hata hivyo kifo cha bomu la adui kina hukumu yake. Shemeji alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshikia kikombe cha maji.

“Huyo ndiye mume wangu,” alisema alipopata pumzi. “Kwenye safari ya harusi yetu alilala chini ya gari la watu lililokwama, na kanzu yake mpya. Yule mliyekuwa mnamhubiri sikumjua. Huyu namjua. Mswalie huyu.”

Kijana akatazama simu yake, haikumsaidia. Akasema Ijumaa.

Ijumaa tulimpeleka shemeji kwa gari mpaka mlango wa wanawake, binti wa jirani akamshika mkono. Baada ya swala ya Ijumaa imamu akamtangaza mdogo wangu kwa jina lake na la baba yetu: fundi, aliyefia safarini. Hakuongeza neno. Takbira nne, tumesimama, tukatoa salamu. Ilikwisha haraka kuliko kubadili tairi, na mwanamke huyu alikuwa amenyimwa tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Nje, wanawake walimzunguka wakimpa pole kama mjane wa juzi, naye akapokea kila moja kikamilifu, kichwa juu, hakuharakisha. Imamu alisimama nyuma yao akingoja zamu. Ilipofika akasema pole, mama. Shemeji aliitikia bila kumtazama, akaniuliza mimi kama gari liko tayari.