Jua Limekataa Kutoka

Nilizaliwa karibu na ikweta, mahali ambapo jua huchomoza saa kumi na mbili na nusu, Januari hadi Desemba, bila kukawia. Mama hakuwa na saa na hatukuwahi kuchelewa shule. Kwa hiyo mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Alaska kuniambia jua limekataa kutoka, sikuhitaji kufikiri mara mbili.

Mimi ndiye niliyemleta Marekani. Alikaa nami Arlington, Texas, mwaka mmoja, kisha, mwishoni mwa miaka ya tisini, akapata kazi ya usafi katika kambi ya wachimba mafuta, kaskazini kabisa. Majira ya joto alinipigia akisema kule jua halilali. Nilicheka, nikidhani anatia chumvi kama kawaida yake. Desemba alinipata nikila chakula cha mchana katika nyumba ya wazee nilikofanya kazi. Kwake ilikuwa saa nne asubuhi, na alikuwa akivuta maneno.

"Dada, nimeamka sijui kama naenda shift ama nimetoka. Ni giza tu. Wiki ya tatu sasa."

"Giza saa nne asubuhi?"

"Saa nne, saa saba, yote ni same. Jua limekataa kutoka."

"Umekunywa."

"Si-joke, dada. Nataka tu uongee na mimi kidogo."

"Pombe ikikutoka, nipigie."

Nikakata. Baba yetu alikuwa akiamka jioni na kudai chai ya asubuhi, na nilikuwa nimeapa kwamba hakuna mlevi mwingine atakayenisumbua. Hasira ilikuwa tayari, ikingoja tu mtu wa kumwangukia.

Jumapili hiyo Wakenya tulikutana kwa ibada sebuleni kwa mwenzetu huko Lewisville, mji wa jirani, sufuria za pilau zikingoja jikoni. Ulipofika wakati wa kutaja mahitaji ya maombi, nilisimama nikasema mdogo wangu ametekwa na pombe. Walimwombea kwa machozi. Lakini sisi hatujui kuomba tukanyamaza. Kufikia Jumatano wanaume wawili walikuwa wamempigia kumshauri, Lewisville nzima ilikuwa na habari, na Mama kule nyumbani pia. Mdogo wangu akaacha kunipigia.

Januari, mama mmoja mzee niliyekuwa nikimlisha, mwalimu mstaafu, aliniuliza habari za ndugu zangu. Nilipomsimulia, alichukua chungwa kwenye sinia yake, akaliinamisha mbele ya taa na kulizungusha polepole. Upande wa juu haukupata mwanga hata mara moja.

"Hukaa hivyo wiki nyingi," akasema. "Watu huumwa roho. Ana mtu wa kuongea naye huko?"

Naona aibu hata leo ninapoandika.

Nilipiga simu kambini siku hiyohiyo, na siku nyingi baadaye. Waliniambia yuko kazini, au amelala. Niliacha ujumbe, na hakuwahi kunipigia.

Alirudi Machi. Nilimpokea uwanja wa ndege mchana, jua la Texas likichoma lami, ombi langu la msamaha nimelipanga neno kwa neno tangu nyumbani. Aliponikumbatia nikasikia harufu ya bia. Aliona kwamba nimeisikia.

"Sasa ni kweli," akasema. "Lakini ile Jumapili mliniombea, dada, nilikuwa sijaonja hata tone."