Nimeng'oa gia ya mkono kwenye Celica yangu ya ujanani, na aliyenifundisha kuiendesha alikataa

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Huu ni uzi wa gari langu na kaka yangu. Sina cha kuuza humu, na pale nilipokosea nitasema nimekosea.

Mimi niko Guangzhou, mtaa wa Sanyuanli, mwaka wa kumi na mbili sasa. Nawanunulia watu bidhaa na kuwapakilia kontena. Gari liko nyumbani Tanga.

Ni Toyota Celica ya miaka ya sabini, milango miwili, pua ndefu. Nililinunua nikiwa na miaka ishirini na tatu kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama nchi. Vijana wa mtaani kwetu waliliita Mustang. Halikuwa Mustang, ila ukishakanyaga mafuta barabara ya Pangani huoni haja ya kubishana nao.

Kaka yangu Mussa ndiye alinifundisha kuliendesha. Nilipokuja China nikamwachia. Alikuwa analiwasha kila Ijumaa akitoka msikitini, mpaka siku likagoma moja kwa moja. Kutu ikaanza kula chini ya milango. Akalifunika turubai.

Mwaka juzi nikaamua kulifufua. Plan yangu ilikuwa moja tu: kila kitu original. Wapenzi wa magari ya zamani mnanielewa.

Fundi ni Chande, gereji yake iko hatua chache kutoka kwa Mussa. Yeye akashika bodi na injini, mimi huku nikawa natafuta vitu vidogo.

Raba za milango zilinitesa. Natembea na kipande cha raba ya zamani mfukoni, duka hadi duka. Hata sijakitoa chote, muuzaji ameshasema "meiyou", yaani hakuna. Nimeambiwa meiyou mpaka nikawa naisikia usingizini. Mwisho nikampata mama mmoja anayeuza raba za milango ya mabasi, akanikatia yenye umbo lile lile. Imekaa kama ya kiwandani.

Katikati ya hayo Mussa akapata kiharusi. Mguu na mkono wa kushoto vikapooza.

Alilazwa, akarudi nyumbani, akaanza mazoezi. Kila nikimpigia anasema, "Niko poa, mdogo wangu." Nilimwamini, kwa sababu ndivyo nilivyotaka iwe.

Siku moja Chande akanipigia kuhusu rangi. Tukamaliza, lakini hakati simu.

"Bosi, kuna kitu naona hujakijua," akasema. "Kaka yako anakuja hapa kila asubuhi. Anaingia kwenye gari, anakaa kwenye usukani. Halafu anaushika mguu wa kushoto kwa mkono wa kulia, anauinua, anauweka juu ya klachi. Anajaribu kukanyaga. Haushuki. Anakaa kidogo, anatoka, ananiambia kazi njema."

Nikamuuliza sasa tufanye nini.

"Tuweke automatic," Chande akasema.

Wakuu, nilimjibu vibaya. Nikamwambia gari lile bila gia ya mkono si gari langu tena. Akasema sawa bosi, akakata.

Wiki nzima sikupata amani. Nilijiuliza: gari ni langu, sawa, lakini mimi naenda nyumbani mara moja kwa mwaka. Namtengenezea nani?

Nikampigia Chande nikamwomba radhi. Akaniambia gia boksi ya automatic ameshaiona Dar, imetoka kwenye gari dogo la mizigo, ila matundu yake hayalingani na ya injini yetu. Linahitajika bamba nene la chuma katikati la kuviunganisha.

Vyuma vya kuchonga ndiyo kazi ya huku. Nikasema hilo niachie mimi.

Hapa ndipo nilipokosea. Nilimwambia Chande ainunue, achore matundu ya pande zote mbili kwenye kipande cha boksi la karatasi, aweke rula pembeni, anitumie picha WhatsApp. Nikaipeleka kwa Boss Liang, mzee mwenye karakana ndogo ya kuchonga vyuma huku Baiyun. Akaitazama, akatikisa kichwa. "Bu xing," akasema, haiwezekani. Anataka chuma chenyewe, siyo picha. Nikabishana naye kwa Kichina changu cha sokoni mpaka akachoka, akachonga.

Bamba likaenda kwa ndege. Baada ya siku kadhaa Chande akanitumia picha bila neno lolote. Matundu mawili yameingia. Mengine yote yako pembeni.

Ikabidi chuma chenyewe kije. Kuna dada wa Zanzibar, Salma, anakuja mara kwa mara kuchukua viatu vya jumla soko la Liuhua. Nikamwomba anibebee ganda la mbele la gia boksi na bati la nyuma la injini. Akavifunga kwenye kanga mbili akaweka kwenye begi.

Pale airport ya Baiyun watu wa forodha wakamsimamisha. Mimi niko nje nasubiri, abiria wote wa ndege yake wameshatoka, yeye haonekani. Alipotoka alikuwa analisukuma begi likiwa wazi, kanga zinaning'inia.

"Kaka," akaniambia, "safari nyingine niagize dagaa."

Boss Liang alipoona chuma, akafurahi. Akapima kila tundu mara tatu. Halafu akaniuliza gari la nani. Nikamwonyesha video ya Mussa akifanya mazoezi ya kutembea uani. Akaitazama mpaka mwisho, akauliza mguu gani. Nikapiga paja langu la kushoto. Akaitikia kwa kichwa.

Baada ya siku mbili bamba likawa tayari. Alikuwa amelisugua kingo zote mpaka zinateleza, na ni kitu ambacho hakuna mtu atakiona tena likishafungwa.

Lilipofika Tanga likaingia kwa jaribio la kwanza. Nilituma pia kifaa cha umeme cha kulainisha usukani, ili aweze kuukata kwa mkono mmoja, na breki za diski za mbele.

Wale mtakaouliza kwa nini sikumnunulia tu IST, kile kigari cha automatic: jibu ni fupi. Hakuwa anakwenda kukaa kwenye IST kila asubuhi.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia mwenyewe, kabla Chande hajaifunga.

"Umenionea huruma?" akaniuliza.

"Nimepiga hesabu tu. Wewe ndiye unayekaa na gari."

"Gari ni lako. Usiliharibu kwa ajili yangu."

Akakata simu. Siku mbili hapokei. Ya tatu akanitumia voice note fupi: "Mwambie Chande asiitupe ile gia ya mkono. Aipake grisi aifunge vizuri."

Nikajua amekubali.

Daktari wake alimpima, akamruhusu automatic. Akaanza taratibu, Chande kakaa pembeni, wanazunguka kiwanja cha mpira. Lever ya gia iko kushoto kwake, kwa hiyo anaivuta kwa mkono wa kulia gari likiwa limesimama. Wiki tatu hivyo.

Sasa juzi niko napakia kontena, alasiri ya huku, Chande akapiga. "Bosi, kaka yako kachukua gari tangu asubuhi na mapema, peke yake. Hajarudi. Simu kaiacha nyumbani."

Wakuu, niliacha mzigo nikakaa juu ya katoni. Nilimwona kwenye mtaro, nikamwona chini ya lori, nikaona ni mimi niliyempa funguo. Zaidi ya saa nzima nimekaa pale, vibarua wananiuliza katoni zipi zinafuata, mimi naangalia simu tu.

Mwishowe ikaingia video call. Ni Mussa kwa simu ya Chande, amesharudi, kakaa kwenye kiti cha dereva, mlango uko wazi.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda Muheza. Kununua machungwa."

"Kwani Tanga hakuna machungwa?"

"Yapo," akasema.

Halafu akaniambia niendelee na kazi zangu, anataka kushusha machungwa.

Nilichojifunza: fundi akitaka chuma, mpelekee chuma. Na kabla hujaamua gari libaki vipi, muulize kwanza atakayeliendesha. Mimi nilichelewa kuuliza, ilibidi fundi aniambie.

Wenye magari ya zamani, leteni uzoefu wenu, hasa mliobadilisha gia. Na mnaoona nimeliua gari, semeni pia. Nitawajibu nikishafunga kontena.