Namba Alizopika Orval Teague

Kwa miaka thelathini na moja Orval Teague amezungukia visima ishirini na vitatu vya mafuta nje ya mji wa Snyder, Texas, akisoma geji za presha na kuandika. Visima vimezeeka. Kampuni husukuma chini hewa ya ukaa, nayo huyafukuza mafuta yaliyobaki kwenye mwamba, kisha hufungiwa humo humo. Ushahidi kwamba haivuji ni namba za Orval: presha ya kisima ikipanda, kuna mvujo.

Mwezi Machi goti lilimsumbua, akaacha kufika kisima namba kumi na nne, kilicho mwisho wa njia mbovu. Kila asubuhi aliandika presha paundi ishirini, akinywa kahawa ndani ya pikapu. Wafanyakazi wa visima huita hivyo kupika namba. Mwaka uliotangulia Orval alimchongea mwenzake kwa kosa hilo hilo, na mwenzake akafukuzwa.

Agosti akaja mhandisi wa kampuni, Marisela Quiroz, kukusanya ushahidi wa kupeleka serikalini.

"Mzee Orval, cha kumi na nne ndicho kipenzi changu. Miezi mitano hakijatikisika! Twende nikakipige picha."

"Kule kuna nyoka, mama."

"Nimekulia Odessa, huku huku Texas. Nyoka ndio walionilea."

Orval akawasha pikapu. Getini magugu makavu yaliyoletwa na upepo yalikuwa yamerundikana hadi kifuani. Waliyaondoa. Kisimani, nyigu walikuwa wamejenga kiota cha udongo juu ya kioo cha geji. Marisela akakibandua kwa bisibisi. Mshale ulisimama kwenye mia tatu na kumi.

"Hiyo ishirini uliisoma wapi?"

"Kwenye gari."

"Tangu lini?"

"Machi." Uso ulimwaka hadi masikioni. "Goti, mama... Hapana. Na uvivu."

Marisela akapiga simu ofisini, wasimamishe kusukuma hewa kwenye visima vya jirani. Kisha akamgeukia.

"Na vile ishirini na viwili?"

"Vile nimevisoma. Naapa."

"Serikalini niandike nini, mzee? Kwamba umeapa?"

Wakaanza na kisima namba moja. Orval aliendesha, akafungua mageti. Kabla ya kufika alitaja presha ya kisima, na kwenye geji ikawa hiyo hiyo. Marisela hakuandika mpaka alipoisoma mwenyewe. Kwenye cha pili ikawa vivyo hivyo, na cha tatu, hadi cha tano.

Walipofika cha sita, Orval aliacha kutaja presha aliyoijua; alifungua geti, akamwachia Marisela asome mwenyewe.