Udongo wa Mafinga Ndani ya Kabureta

Rafiki yangu, wiki hii hapa Mafinga kuku wangu wamegoma kutaga, na sababu ni jirani. Huyu jirani ni fundi. Kapata pikipiki ya matairi manne, zile za kukimbizia kwenye vumbi, akaifumua yote. Sailensa katupa, kaweka bomba nene, boksi la filta kang'oa, sasa ikiwaka hata mbao zangu za uzio zinatetemeka. Juzi nikaenda kumsalimia, kamwene, kamwene, nikamkuta kalala ubavu, anachomoa kwenye kabureta kitu kidogo cha shaba chenye katundu katikati. Akasema hiyo ni jeti, petroli inapita hapo. Anaitoa aweke nyingine ya tundu kubwa zaidi, maana Jumamosi anateremka Rujewa kushindana na wenzake.

Nikamuuliza, sasa Rujewa na tundu wapi na wapi?

“Babu, hali ya hewa ya kule siyo ya huku. Ukishuka na jeti ya Mafinga, injini inakataa.”

Nikakaa kwenye tairi. Maneno hayo niliyasikia nikiwa mtoto, tena kwa bibi yangu, na bibi hakuwahi kushika spana maisha yake yote.

Mama alinipeleka kwa bibi Rujewa meno ya mbele yakiwa yamenitoka. Mimi ni wa baridi, nimezoea moshi wa kuni za msindano na ugali wa moto. Kule nikakuta joto, vyura wanapiga kelele kwenye majaruba ya mpunga, wali na kambale kila siku. Zamani mtu akihama alifungiwa udongo wa nyumbani kwenye kitambaa. Mama akanifungia wa pale uani kwetu, mwekundu. Haikupita muda nikaumwa, chakula sikitaki. Bibi akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akageuza akaweka mgongo wa mkono, akasema hali ya hewa imemkataa huyu. Akatia udongo kidogo kwenye kikombe cha maji, ukatulia, nikanywa. Nikapona. Labda ni udongo, labda ni vidonge vya zahanati, maana navyo alinipa.

Kile kitambaa kilichobaki alikitundika kwenye nguzo ya nyumba. Nikimkumbuka mama naenda kukinusa. Kilinuka mvua ya kwetu.

Mwaka huo maji kwenye mfereji yakashuka, yakawa hayapandi shambani. Kitalu cha mpunga kikaanza kuwa cha njano, na kile kitalu ndicho chakula chetu cha mwaka mzima. Bibi akawa anachota kwa ndoo mpaka mgongo ukamgomea. Ndipo mjomba, mwanawe, aliyekuwa akipasua mbao huku Mafinga, akaja na pampu ya petroli. Alisema huku fundi kaiseti, inaimba. Akaifunga mferejini, akavuta kamba, ikawaka, ikakohoa, ikapata joto la ajabu, ikazima. Akavuta tena, hivyo hivyo. Majirani wakaja kutazama, wakamwambia, bwana, wewe umeleta mgonjwa, siyo mashine. Mjomba akaondoka kwa hasira kutafuta mtu wa kumsaidia.

Bibi akabaki anaitazama. Akaigusa kwa mgongo wa mkono, vilevile kama alivyonigusa mimi. Akaniuliza imetoka wapi. Nikasema Mafinga. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa changu.

Nikalia. Nikamwambia bibi, huo ni wangu.

“Wewe umeshapona,” akasema. “Mwenzako bado.”

Akaumimina wote kwenye tenki. Akakung'uta na kitambaa.

Mjomba akarudi peke yake, akavuta kamba, safari hii hata kukohoa hakuna. Akafungua kabureta, akakuta tope jekundu. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akakaa chini. Mtu mama yake mzazi atamwambia nini? Akamwaga petroli yote, akaosha, lakini jeti ikabaki imeziba. Akaomba sindano ya kushonea magunia, akaichokonoa, akazungusha, akazungusha. Akafunga. Akavuta.

Ikanguruma, rafiki yangu. Maji yakapanda, yakaingia kwenye kitalu, na vyura wakahamia huko jioni hiyohiyo. Bibi akasema tu, si niliwaambia, akaenda kuinjika chungu. Mwaka ule tulikula.

Nilipomaliza kumsimulia fundi, alicheka mpaka spana ikamponyoka. Akasema sindano ndiyo ilipanua tundu, udongo haukufanya kitu. Sawa. Lakini bila udongo mjomba angechokonoa nini? Tena akasema hewa ya huku juu ni nyepesi, kwa hiyo petroli unaipunguza, kule bondeni hewa ni nzito, unaiongeza. Hilo halijaniingia mpaka leo. Mimi naona mwenye shida ndiye wa kuongezewa. Akanieleza tena, akachora na chini kwa bisibisi, nikaitikia ili afanye kazi yake. Niliishia darasa la tatu, mengine namwachia Mungu.

Bibi hayupo, mjomba hayupo, ile pampu iliuzwa chuma chakavu. Kitambaa sijui kilipotelea wapi. Siku hizi watoto wanahama hadi nchi za watu, na wanachofunga ni chaja ya simu.

Jumamosi asubuhi nilichota udongo kidogo hapa uani, nikaufunga kwenye kipande cha shati langu, nikaenda kwa jirani. Aliponiona tu, akafunika mdomo wa tenki kwa kiganja.

“Babu, usijaribu.”

Nikamwambia siyo wa injini, ni wa kwako. Akautazama, akautia mfuko wa koti, mfuko uleule alimoweka ile jeti ndogo ya Mafinga, ya kurudia nyumbani.