Mguu wa Pili

Mjomba wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita daktari. Alimwita hivyo siku ile ile binti alipopokelewa chuoni, kabla hajafungua kitabu hata kimoja, na jua halijazama akawa ameketi sebuleni, suruali imekunjwa, magoti yote mawili yamewekwa mbele ya mtaalamu.

"Hili linalia kama bawaba," alisema. "Na hili jingine linaliitikia."

"Mjomba, mimi hata darasani sijaingia."

"Basi anza na mimi. Mwanzo wa ngoma ni lele."

Tangu hapo nyumba haikuishiwa wagonjwa. Alikuja shangazi na mgongo wake, akaja jirani na kikohozi chake, na hata fundi bomba aliyeitwa kuziba bomba hakuondoka bila kupimwa presha. Mama, aliyeshona sare za shule katika chumba cha mbele na kuzungumza huku pini zimo mdomoni, ndiye pekee aliyethubutu kuwafukuza. "Mwacheni mwanangu," alikuwa akisema. "Kitambaa hakijakatwa, ninyi mnataka kuivaa nguo?"

Miaka mitatu ya vitabu ikapita, wa nne ukamkuta wodini. Mwanafunzi wa udaktari wodini ni kiumbe wa ajabu: koti lake jeupe humfanya mgonjwa amwite daktari, na daktari mwenyewe humwita "wewe wa nyuma." Wakati wa raundi husimama mwisho wa msururu akinyoosha shingo. Hukimbiza chupa za damu maabara, hutafuta faili lililopotea na kulikuta limekaliwa na mwenzake, hula akiwa amesimama. Hujifunza kuusoma uso wa muuguzi mkuu kabla ya kuusoma uso wa mgonjwa, kwa kuwa muuguzi mkuu ndiye mwenye uwezo wa kumtoa nje. Binti aliyapenda yote hayo. Zaidi ya yote aliipenda ile dakika ambapo mgonjwa huacha kukariri maelezo aliyokwisha kumpa kila mtu, akashusha sauti, na kusema kile hasa kinachomsumbua.

Jumamosi hakupumzika. Yeye na wenzake walijitolea kupima watu presha na sukari bila malipo katika hema lililosimamishwa stendi ya mabasi, kati ya dirisha la tiketi na banda la mizigo. Huko ndiko alikopatia jina. Siku moja alikuja dereva wa lori, mtu wa kicheko kikubwa, sukari yake ikiwa juu. Binti alimwomba avue viatu, na ndani ya kiatu kimoja wakakuta msumari uliokwisha kupenya soli na kuingia nyayoni. Dereva alikuwa ameukanyaga tangu asubuhi bila kuhisi chochote, kwa sababu maradhi yalikuwa yameshaitia miguu yake ganzi. Baada ya hapo hakuna aliyepita mbele ya binti bila kuvua viatu, awe amekuja kwa presha, kwa macho au kwa kuuliza njia.

"Fundi Viatu huyo!" wenzake walimtania. "Mtu kaja na kipanda uso, anaambiwa avue soksi."

"Cheka tu," alijibu. "Wewe endelea kupima wanachokuonyesha."

Kwa hiyo hakuwa mvivu wala mjinga, na hilo ndilo lililoufanya mtihani wa mwisho wa mwaka umuume zaidi. Ulikuwa mtihani wa kitandani: mwanafunzi huachwa na mgonjwa asiyemjua, amhoji na kumpima kwa muda uliowekwa, kisha watahini wawili huingia naye huwaeleza alichokiona. Binti alikuwa ameona karibu kila kitu, lakini kila alichokisema alikitanguliza kwa "labda." Labda ini limevimba, labda ni maji. Profesa wa magonjwa ya moyo, aliyevaa miwani kwenye paji la uso na kuishusha pale tu alipokasirika, alikuwa ameishusha. "Binti," alimwambia, "mgonjwa hatibiwi kwa labda." Akafelishwa. Alipewa nafasi moja ya kurudia, na akiipoteza hiyo ataurudia mwaka mzima.

Siku ya marudio mama alimpigia koti pasi mara mbili, na mjomba akamsindikiza hadi kituoni akimpa mawaidha ambayo hayakuhusiana na jambo lolote.

Mgonjwa aliyemwangukia alikuwa maarufu chuoni. Wanafunzi walimwita Mzee Vali. Alikuwa karani mstaafu ambaye vali moja ya moyo wake ilivuja kwa miaka mingi bila kumwangusha, na kila mwaka chuo kilimwomba aje asikilizwe na watahiniwa. Mzee aliuchukulia mwaliko huo kama uteuzi. Alisafiri siku nzima kwa basi na kufika amevaa suti, viatu vinang'aa, kisha akapanda kitandani kama hakimu anayepanda kitini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vua wasiwasi, vaa masikio." Alikuwa akimaanisha stetoskopu. "Mimi nimewapitisha madaktari ambao leo wana vitambi. Weka hapo chini ya titi la kushoto, utasikia kama mtu anapuliza chai ya moto. Vali inavuja. Waambie hivyo, nenda nyumbani ukalale."

"Ahsante, mzee. Ila niruhusu nisikie mwenyewe."

"Kaka zako wote huanza hivyo. Baadaye hunigeukia na kuniuliza."

Binti alisikiliza bila haraka. Pumzi ile ya chai ya moto ilikuwepo kweli, ikielekea kwapani kama vitabu vilivyosema, na kwa mara ya kwanza tangu afelishwe alihisi sakafu imetulia chini ya miguu yake. Akafika kwenye miguu, kwa sababu moyo ukichoka maji hushuka huko. Kabla hajaomba, mzee alikwisha kuipandisha suruali ya mguu wa kulia na kuteremsha soksi.

"Bonyeza hapa. Hakuna maji. Wote hubonyeza hapa."

Alibonyeza; hapakuwa na shimo. "Na wa pili, mzee."

"Wa pili ni pacha wake."

"Hata mapacha hupimwa wote wawili."

"We binti! Moyo wangu uko kifuani. Umeshuka mguuni tangu lini?"

Alicheka pamoja naye, lakini macho yake yalikuwa yameshafika sakafuni, penye viatu. Cha kulia kilikuwa bado na alama ya kamba zilizofungwa kwa ustadi. Cha kushoto kilikuwa kimeachwa wazi, ulimi nje, kamba zimelegezwa hadi mwisho.

"Mzee," alisema taratibu, "kiatu hiki kimekuzidi nguvu tangu lini?"

Mzee akatazama dirishani. "Viti vya basi la jana vilikuwa vya adhabu," akasema hatimaye.

Soksi ilitoka kwa taabu. Chini yake muundi na nyama ya nyuma vilikuwa vimejaa, ngozi imevutika na kung'aa, na joto lake lilimfikia kiganjani kabla hajaigusa sawasawa. Alipobonyeza kidogo tu, mzee aliuma midomo. Binti akatoa mfukoni utepe wa kupimia, wa kushonea, alioupora chumbani kwa mama. Akazungusha kulia, akazungusha kushoto: tofauti ilikuwa kubwa, si ya kubishaniwa.

"Sikiliza, mwanangu," mzee akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mtihani ni wa moyo. Watatu wamepita hapa tangu asubuhi, hakuna aliyeuliza. Ukitaja mguu, watanilaza. Miezi yote mimi ni mgonjwa. Leo tu ndipo mimi ni mwalimu. Na wewe utaulizwa ya mguu usiyoyajua, watakuangusha. Tusitiriane."

Muda ulikuwa unakwenda. Hakuwa amesikiliza mapafu kwa nyuma, hakuwa amepima presha, na alijua kwamba dakika atakayoitumia kwenda mlangoni kuwaita watahini hatarudishiwa. Ndipo lile neno lake la zamani likamjia, laini kuliko siku zote. Labda amekaa vibaya tu. Labda ni msuli. Kwa mwaka mzima alidhani neno lile ni unyenyekevu, au elimu inayojua mipaka yake; sasa aliliona linamfungulia mlango wa kunyamaza, na akashtuka jinsi mlango ule ulivyokuwa mpana. Kama ni damu iliyoganda mshipani, hakuwa na hakika. Kwamba mguu ule haupaswi kupanda basi kesho, hilo alikuwa na hakika nalo kama jina lake.

"Nitawaambia, mzee. Sikufichi. Damu ikiganda mguuni, kipande chaweza kung'oka kikapanda hadi mapafuni."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea nitarudia mwaka, na wewe utanicheka. Bora unicheke."

Alifungua mlango. Muuguzi msimamizi alitazama saa, kisha akamtazama yeye. "Muda wako haujaisha."

"Najua, sista. Naomba watahini waingie sasa hivi. Huyu ni mgonjwa kweli."

Profesa aliingia, mtahini wa pili nyuma yake. "Umemaliza?"

"Sijamaliza, Profesa. Sijasikiliza mapafu kwa nyuma, wala sijapima presha. Mgonjwa amesafiri siku nzima akiwa amekaa. Mguu wake wa kushoto umevimba, una joto na unauma. Wa kulia ni mzima. Nashuku damu imeganda mshipani. Naomba apigwe ultrasaundi sasa, asikandwe, na asiwapokee watahiniwa wengine."

Miwani ilishuka. "Unashuku, au una hakika?"

Zamani angeyumba. "Nashuku. Hakika italetwa na picha. Ninachojua ni kwamba hafai kungoja."

Profesa aliinama, akaishika miguu yote miwili kwa wakati mmoja, mkono huku na mkono huku. "Mzee," aliuliza bila kuinua kichwa, "wangapi wamekupima leo?"

"Watatu. Na huyu."

"Nami nilikupokea asubuhi nikakupa mkono tu." Alisimama wima. "Sista, tafadhali, kiti cha magurudumu." Kisha akamgeukia binti, kana kwamba hakuna kilichotokea: "Na moyo?"

Binti alieleza alichokisikia, kwa mpangilio, na hakuongeza hata chembe ya kile alichokuwa ameambiwa. Mtahini wa pili alipomuuliza kuhusu mapafu, alijibu kwamba hakuyasikiliza, bila kuongeza kisingizio.

Picha ilionyesha bonge la damu lililokaa juu kidogo ya goti. Alasiri Profesa alimkuta binti kwenye ukumbi, akapunguza mwendo bila kusimama kabisa. "Mapafu yalikuwa na jambo la kusikia, ukalikosa," alisema. "Nimekukata alama. Umefaulu." Akaenda zake.

Binti hakumpigia mama kwanza. Alikwenda wodini, ambako Mzee Vali alikuwa amelazwa, amevishwa nguo za hospitali, amenuna kama mtoto aliyenyimwa kucheza.

"Umefurahi?" mzee alimuuliza. "Haya, mpigie mke wangu. Nikimpigia mimi atasema nilijua nikamficha."

Simu ilipokelewa kabla haijaita sawasawa. Binti alijitambulisha, akaeleza polepole, na kutoka upande wa pili sauti ya bibi mmoja ikapasua wodi. "Mguu? Si jana kwenye simu aliniambia ni soksi mpya inambana? Mwambie nakuja na basi la alfajiri, na nikimkuta amesimama nitamvunja huo uliobaki!"

Wodi nzima ilicheka. Mzee alifumba macho, kisha akacheka naye, tumbo likitikisa shuka. Muuguzi akaja na sindano ya kuzuia damu isizidi kuganda, ile inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo.

"Achome huyu aliyenifikisha hapa," mzee aliamuru. Muuguzi alimtazama binti, akampa sindano na pamba, akasimama begani kwake. Binti akapangusa ngozi, akachoma. Mzee alikuwa amejiandaa kupiga kelele, akakosa sababu.

Nje ya pazia kulisikika minong'ono. Wenzake, habari zikiwa zimewafikia, walikuwa wamejaa mlangoni na makoti yao, wakisukumana wauone huo mguu.

"Ni akina nani hao?" mzee aliuliza.

"Wanafunzi, mzee. Niwafukuze?"

Alifikiri kidogo, akajifunga kifungo cha juu cha shati la hospitali, akajivuta juu kitandani.

"Hebu niinulie mto," alisema. "Halafu waambie waingie wawili wawili, na wanawe mikono."