Jinja hadi Mbale kwa Ajili ya Kiti cha Mtoto

Nawaandikia ndugu zangu wa Walukuba walioniuliza kwa nini niliacha darasa la madrasa katikati ya juma nikashika njia ya Mbale. Binti yangu Zaituni aliniita. Halmashauri ya jiji ilikuwa inajadili sheria ndogo: mtoto mdogo asipakatwe garini bali afungwe kwenye kiti chake, mkubwa kidogo akalie kiti cha kumwinua ili mkanda umpite begani na si shingoni, na magari ya shule yaondoe ule ubao unaowekwa kati ya viti ili watoto wengi zaidi wapate pa kukaa. Zaituni na akina mama wenzake ndio walioipeleka. Akanipigia simu: "Baba, njoo useme wewe. Mimi wananiita mama mwoga. Na wakiikataa Alhamisi, wameizika."

Mnaijua desturi yetu. Mwalimu akipanda gari hupewa kiti cha mbele, kisha mtoto hupitishwa dirishani, "Mpakate, Mwalimu, apate baraka." Nimepakata watoto wa mtaa mzima hivyo, na nilikuwa nikiona fahari. Mwaka jana nilimpakata mjukuu wangu Rehema, binti wa Zaituni, akiwa na miaka mitatu. Karibu na Kakira trekta la miwa likaingia barabarani ghafla, dereva akafunga breki, na mtoto akatoka mikononi mwangu kama sabuni. Alivunjika taya. Mwenyezi Mungu alimponya, alhamdulillahi. Zaituni hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, jirani yangu Wekesa alinipitia nyumbani. Wekesa ni Mkenya, Mkristo, dereva wa malori ya masafa marefu aliyekuwa na siku chache za mapumziko, na gari lake dogo hulitunza kama biharusi. Nilisoma dua ya safari, naye akavua kofia mpaka nikamaliza.

"Umeniombea na mimi?" akauliza.

"Wewe kwanza. Usukani uko kwako."

"Basi funga mkanda, Mwalimu, tusimpe Mungu kazi ya bure."

Kutoka Bugembe hadi Kakira ni miwa tu, kushoto na kulia. Tulipopita pale mahali nilifumba macho. Wekesa alijua, akaendesha polepole. Nilipoyafumbua nilianza kuyatazama magari kwa jicho jingine. Mtoto amesimama katikati ya viti viwili vya mbele. Mwingine amelala kifuani mwa baba yake aliye kwenye usukani. Wote walikuwa na nyuso za furaha, na wazazi wao walikuwa watu wema. Mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Iganga tulikunywa chai. Kisha Nakalama tukakata kushoto, tukapita Namutumba, tukashuka kwenye bonde la Mpologoma ambako mafunjo husimama pande zote za daraja marefu kuliko mtu. Mbele kidogo wanauza mchele kando ya barabara. Mgeni haendi kwa binti yake mikono mitupu, kwa hiyo nilichukua mfuko wa kilo kumi na tano, Wekesa akautia nyuma ya gari.

Saa sita mchana mlima Wanale ukatutokea, na maporomoko yake ya maji yametundikwa kwenye mwamba kama nyuzi nyeupe. Zaituni anakaa Malukhu. Alikuwa ametupikia malewa, yale machipukizi ya mianzi ambayo Wamasaba huyapika kwa karanga, na Wekesa akala mpaka akafungua kifungo.

Rehema alirudi kutoka chekechea saa nane. Akanisalimia kwa mikono miwili, kisha akakaa gotini kwangu na kunipa habari zake.

"Babu, mimi nakaa kwenye ubao. Mlango ukifunguliwa tunashuka wote, halafu ubao unaanguka."

"Mnashika wapi gari likienda?"

"Namshika Asha. Asha ananishika mimi."

Zaituni akageuka, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, tuliingia ukumbini. Mwenyekiti wa kikao alikuwa mama wa makamo, Mama Nambozo, mwenye sauti ya kusimamisha basi. Wananchi waliruhusiwa kusema kabla ya madiwani kupiga kura. Wa kwanza alikuwa Bwana Wamono, mwenye magari matatu yanayobeba watoto wa shule, likiwemo lile la Rehema. Ni mtu mkubwa wa mwili na mcheshi, na ukumbi ulikuwa wake kabla hajafungua mdomo.

"Hawa mama napenda watoto, hata mimi napenda," akasema. "Lakini tangu zamani mtoto nakaa kwa mikono ya mama yake, ya babu yake. Sasa tunaambiwa plastiki ndiyo najua kulea? Mikono hii," akainyanyua, "nabeba gunia ya kahawa. Itashindwa na mtoto?"

Watu walicheka na kupiga makofi. Baadhi ya madiwani wakatikisa vichwa kukubali. Zaituni alinishika mkono wa kanzu.

Nilisimama nikatoa salamu kwa Kiswahili. Sauti ikatoka nyuma: "Ndiyo, afande!" Ukumbi ukaangua kicheko, maana kwa wengi pale Kiswahili bado kinanuka kambi ya jeshi.

"Afande alikuwa baba yangu," nikajibu. "Mimi nafundisha watoto alifu na bee. Nisikilizeni bila kusimama wima."

Wakacheka tena, lakini safari hii pamoja nami. Nikawaeleza habari ya Kakira. Sikupunguza kitu. Nilisema mikono iliyoshindwa ni hii, ya babu anayempenda mtoto huyo, na kwamba nilikuwa macho na nilimshika kwa nguvu. Nikaona nyuso zinatulia.

Wamono akainuka. "Pole sana, mzee. Lakini wewe ni mzee. Mimi sijaanguka nguvu."

Hapo Wekesa akanong'ona, "Mwalimu, mchele bado uko kwenye gari."

Nikamwomba Mama Nambozo ruhusa ya kufanya jaribio, naye akasema, "Twendeni nje. Viti hivi vimetuchosha."

Ukumbi mzima ukahamia uani. Wamono aliketi kiti cha mbele cha gari la Wekesa, akafungwa mkanda, akawekewa ule mfuko mapajani. Nikamwambia kwamba mfuko huo una uzito karibu na wa mjukuu wangu.

"Mshike kama wako," nikasema.

"Huyu haendi popote," akajibu, akaukumbatia kwa mikono yote miwili, akawakonyeza watu.

Wekesa aliondoka kwa mwendo wa baiskeli. Alipofika usawa wa mlingoti wa bendera akafunga breki.

Mfuko ulimtoka Wamono, ukagonga dashibodi, ukapasuka. Mchele ulimwagika miguuni mwake, na mlango ulipofunguliwa ukatoka kama maji. Mtu mmoja alianza kucheka akaacha. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alimvutia mbele, akamkumbatia.

Wamono alishuka taratibu, punje za mchele zikimdondoka kwenye suruali. Alitazama mikono yake.

"Mimi nilijua atafunga breki," akasema. "Nilijua, nikajiandaa. Na bado."

Akamgeukia mwenyekiti. "Mama, andika hiyo sheria."

Saa saba mchana wakapiga kura. Mama Nambozo alihesabu mikono, akahesabu tena kwa sauti ili kila mtu asikie. Walikataa wawili tu. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka askari wa getini akaja kuuliza kuna nini. Mimi nilitoka barazani nikasujudu sijida ya shukrani. Nilipoinua kichwa Wekesa alikuwa amesimama kando akilia waziwazi, akisema "Haleluya, haleluya," na Zaituni alikuwa amenipigia magoti.

"Baba," akasema, "sasa umepona na wewe."

Tuliambiwa sheria itapitia ngazi za juu kabla ya kuanza kutumika, na shule zitapewa muda wa kutafuta viti. Nilidhani tungesubiri.

Ijumaa, saa moja kasorobo asubuhi, gari la shule lilisimama mlangoni Malukhu. Wamono mwenyewe alikuwa kwenye usukani. Ubao haukuwepo. Alisema tangu siku hiyo atabeba watoto kwa mikupuo miwili, hata ikibidi aamke mapema zaidi. Akina mama waliokuwa na viti vya watoto walikuwa wamevileta, Zaituni naye akatoa cha Rehema. Yule bwana mkubwa alipiga magoti ndani ya gari akihangaika na mkanda.

"Afande Mwalimu," akaniita, "kuja onyesha mimi. Hii napita juu au chini?"

"Chini ya mkono wa kiti, kisha begani. Vuta. Tena."

Rehema alikuwa anamtazama kwa subira. "Umekaza sana," akamwambia.

"Ndiyo dawa yake, mama."

Tuliondoka nyuma yao. Tulifika Jinja kabla ya adhana, nikaswali Ijumaa kwenye msikiti wa Mpumudde, na baada ya swala imamu akanipa nafasi niseme. Niliwaeleza wenzangu nilichojifunza: kwamba miaka yote niliomba Mungu awalinde watoto niliowapakata, na kumbe sehemu ya jibu ilikuwa kuwaweka chini na kuwafungia mkanda, hata kama kwa kufanya hivyo napoteza heshima ya kupakata. Sikuona aibu kulisema. Kosa langu limewafaa watoto wa Mbale, na kwa hilo namshukuru Mola asubuhi na jioni.

Akina baba walijipanga pale pale mlangoni, viatu mkononi, kutia majina kwenye barua ya kuiomba Jinja sheria kama ile. Wekesa alitia lake kabla ya wote, ingawa si mswali wa msikiti ule. Barua imekwisha kupelekwa, imepokelewa, na tumepewa siku ya kusikilizwa.